Mfuko wa Nne

Watu walimwita Bibi Kopo, na wala hakuwahi kuchukia. Jina lilitokana na kopo la bati la mafuta ya kupikia, lililogongwagongwa kingo ili lisikate mtu, ambalo alikuwa akipimia mahindi ya nyumba yake tangu akiwa bibi harusi mbichi. Alilijaza, akapitisha kijiti juu yake, na punje zilizozidi zikarudi zilikotoka. Hakuna aliyepata punje ya ziada, awe mgeni, awe mgonjwa, awe marehemu mumewe, ambaye mara moja tu katika ndoa ya miaka thelathini alijaribu kupima mwenyewe, akapewa kisogo wiki nzima. Wenye midomo yao walisema bibi huyu ana mkono wa birika. Mimi nasema hawakujua kuhesabu miezi kama yeye.

Hesabu ya mkulima ni fupi. Umevuna kiasi gani, nyumbani kuna midomo mingapi, na kutoka leo hadi mavuno mengine ni siku ngapi. Watu wengi huifanya hesabu hiyo ghala likiwa limebaki robo, wakaishia kushika vichwa. Bibi Kopo aliifanya siku ileile mahindi yalipopukuchuliwa, akiwa amekaa chini na miguu kainyoosha, midomo ikimchezacheza, na mtu akimsemesha katikati alianza upya kwa hasira.

Mwaka ninaousimulia nyumba ilikuwa na midomo minne. Kulikuwa na yeye mwenyewe. Kulikuwa na mkwe wake, mke wa mwanawe wa pekee, mwanamke mrefu mwenye maneno machache na jembe lisilochoka. Kisha wajukuu wawili wa kike: mkubwa aliyekuwa darasa la tano, na mdogo wa miaka minne waliyemwita Kasuku, kwa sababu alirudia kila alichosikia, pamoja na yale ambayo hayakusemwa kwa ajili ya masikio yake. Mwana mwenyewe alikuwa mbali, kwenye ujenzi wa barabara, akirudi wakati wa kulima na kuvuna tu. Kwa hiyo nyumba ilikuwa ya wanawake watupu, na wawili wakubwa walipendana sana bila hata mmoja wao kuwahi kulitaja jambo hilo.

Miaka yote mahindi yao yalikaa kwenye ghala la fito lililokandikwa udongo, nyuma ya jiko. Kila asubuhi, kabla ya kunawa uso, Bibi Kopo alipanda kigoda, akazamisha mkono ndani ya mahindi hadi kwenye kiwiko, akafumba macho. Mahindi yakiwa ya baridi, salama. Yakiwa na joto, fukusi wameshaingia, na siku hiyo hakuna aliyekwenda kokote: yalishushwa yote, yakaanikwa, yakapepetwa, yakachanganywa na majivu. Mkono ule ulijua kazi yake. Hata hivyo fukusi hawakuacha kula haki yao, na kila mwaka, mwezi wa mwisho kabla ya mavuno, nyumba ilikula uji mwepesi hata mtu angeweza kuhesabu mawe chini ya bakuli.

Ndiyo maana mkwe alikwenda kwenye mafunzo ya bwana shamba, akarudi na mifuko mipya minne. Bwana shamba alikuja mwenyewe kuonyesha jinsi ya kuifunga, na huyo bwana alikuwa binti wa juzijuzi, amevaa buti zinazompwaya.

"Huyu ndiye bwana?" Bibi Kopo alimnong'oneza mkwe wake.

"Ndiye, mama."

"Basi na mimi ni askari."

Lakini alisikiliza. Mfuko ulikuwa na matabaka matatu: mawili ya plastiki ndani, na la nje gumu kama gunia la kawaida. Mahindi makavu yakijazwa, unakamua hewa yote, unasokota mdomo wa plastiki ya kwanza, unaukunja, unaufunga kwa kamba ya mpira. Halafu ya pili vivyo hivyo. Halafu gunia la nje. Wadudu waliomo wakikosa hewa, wanakufa wenyewe, bila dawa, bila majivu.

"Ila kuna sharti moja, bibi," alisema yule binti. "Mfuko ukishafungwa haufunguliwi mpaka siku ya kuanza kuula. Ukifungua kuchungulia, umewapa pumzi."

"Na nitajuaje kama mahindi yangu ni mazima?"

"Utaamini tu, bibi."

Bibi Kopo alimtazama kwa huruma. Kuamini mahindi bila kuyashika, kwake yeye, ilikuwa kama kuamini chungu kimeiva bila kufunua.

Mifuko minne ilipangwa chumbani kwake, juu ya mbao, mbali na ukuta. Kila mmoja, kwa kopo lake, ungewalisha miezi mitatu kasoro wiki moja. Wa kwanza ulifunguliwa, ukaanza kuliwa. Wa pili na wa tatu aliiacha, tena bila taabu yoyote. Uliomsumbua ni wa nne.

Wa nne ulikuwa wa miezi ile ya mwisho, wakati mahindi shambani ndiyo kwanza yanatoa mbelewele, yanapendeza macho na hayaliki. Katika maisha yake yote Bibi Kopo hakuwahi kuwa na chakula kamili cha miezi hiyo. Na kabla ya mwana huyu wa barabara aliwahi kuwa na binti, kifungua mimba wake, aliyefariki akiwa na miaka mitatu, katika miezi hiyohiyo, mwaka ambao mvua ilikatika mapema. Watu walisema ni homa. Ilikuwa homa kweli, lakini ilimkuta mtoto asiye na kitu mwilini cha kupambana nayo. Bibi Kopo alilijua hilo siku ile, na hakulisahau hata siku moja katika miaka arobaini na mitano. Alijilaumu. Hesabu yake ya mwaka ule ilikuwa imekosea siku ishirini na sita. Tangu hapo ndipo kijiti kilipoanza kupita juu ya kopo.

Sasa mfuko wa nne ulikuwa umesimama pale, hatua mbili kutoka kitandani kwake, na yeye haruhusiwi kuugusa.

Alivumilia wiki tatu. Jumamosi ya nne, mkwe alipojitwika mahindi ya wiki kwenda mashineni kusaga, na watoto wakamfuata, Bibi Kopo aliufunga mlango wa chumba. Akafungua gunia, kamba ya kwanza, kamba ya pili. Akazamisha mkono hadi kiwikoni. Mahindi yalikuwa ya baridi kabisa. Alikaa vile kitambo, mkono ukiwa ndani, moyo umetulia kama wa mtu aliyepata barua njema. Kisha akafunga tena, ingawa kusokota na kukunja kulimshinda kidogo kwa vidole vyake vyenye baridi yabisi.

Jumamosi iliyofuata akafanya hivyohivyo. Na iliyofuata. Wa pili na wa tatu hakuigusa. Alijiona mwenye adabu sana. Alikuwa anaupenda ule mmoja tu, na kila Jumamosi aliwapa fukusi wake pumzi ya wiki nzima.

Mfuko wa kwanza ukaisha. Wa pili ukafunguliwa, mahindi yakatoka yakimetameta, bila tundu hata moja. Mkwe, ambaye kucheka kwake ni kwa nadra, alicheka. Wiki chache baadaye, Jumamosi, Bibi Kopo alizamisha mkono katika mfuko wa nne, na mkono ukakutana na joto.

Aliutoa haraka. Ulikuwa umepakaa unga mweupe, na fukusi wawili walikuwa wakipanda kwenye kifundo bila haraka yoyote. Aliketi ukingoni mwa kitanda. Hakulia. Alianza kuhesabu. Ukitoa yaliyokwisha kutobolewa, na yatakayotobolewa kati ya sasa na siku ya kuula, zilikuwa zimepungua siku ishirini na saba, labda thelathini. Akarudia hesabu, akapata vilevile.

Hapo ndipo Bibi Kopo, mtu mwenye akili zake timamu, alipofanya uamuzi wa kijinga kuliko yote ya uzee wake. Mfuko ule ameuharibu yeye, basi pengo atalijaza yeye. Midomo ni minne. Mmoja ukipunguza, mitatu itafika. Hakumwambia mtu. Kumwambia mkwe kwamba amevunja sharti moja tu lililowekwa, yeye aliyewasimamia wote kwa kijiti miaka yote hiyo, aliona ni aibu isiyobebeka.

Akaanza kushiba. Asubuhi uji ukimiminwa, alikuwa ameshiba. Mchana alimega matonge mawili, akasukuma sahani kwa Kasuku. "Kula, mama yangu, bibi ameshiba." Mara alikuwa amekula mihogo kwa jirani, mara tumbo limejaa gesi, mara meno. Na Jumamosi alipopima, badala ya makopo kumi alipima tisa, akamwambia mkwe kwamba wazee hawali sana, asihangaike.

Mwezi ukapita hivyo. Gauni zikaanza kumpwaya. Ili mtu asitambue, alizipeleka kwa fundi cherehani zipunguzwe kiunoni.

"Bibi, watu wa umri wako huja kupanua," fundi alimtania. "Wewe umepata mchumba?"

"Wawili. Wanagombana."

Fundi alicheka, akashona, na mkwe alipopita kuchukua gauni hizo alimwambia kwa sauti ya chini, bila kucheka: "Dada, samahani kwa kuingilia. Mama mkwe wako anakula kweli?"

Mkwe alirudi nyumbani uso ukimwaka. Hakuna neno baya zaidi la kumwambia mwanamke anayepikia mama mkwe. Alimkuta Bibi Kopo akichambua mboga mlangoni, akasimama mbele yake.

"Mama, chakula changu kina kasoro gani?"

"Hakina kasoro, mwanangu."

"Chumvi? Nasonga kigumu?"

"Nimekwambia hakina."

"Kama kuna neno nimekukosea, niambie. Usinifanyie hivi mbele za watu."

"Nimezeeka tu. Mzee na ndege wanakula sawa."

Mkwe aliingia ndani. Alikuwa ameumia, na Bibi Kopo aliliona hilo vizuri, likamchoma kuliko njaa yenyewe. Kwa siku mbili walisemeshana mambo ya kuni na maji tu.

Siku ya tatu mchana, wote wanne walikaa mkekani. Maharage yalikuwa mengi, na kilichosongwa kilitosha. Bibi Kopo alimega tonge lake la kwanza, la pili, kisha akaisukuma sahani kama kawaida. Kasuku aliisukuma ikarudi.

"Nimeshiba," alisema.

"Umeshiba nini na hujala kitu?" mama yake aliuliza.

"Nimeshiba. Nimekula mihogo kwa jirani. Tumbo limejaa gesi."

Dada yake alicheka hadi akapaliwa. Mama yake hakucheka. Kasuku alikaa wima, mikono mapajani, macho yamekazwa kwenye chakula, na tumbo lake likaunguruma hadi wote wakalisikia.

"Kula, mwanangu," Bibi Kopo alisema.

"Wewe kula," Kasuku alisema. "Mimi mzee."

Bibi Kopo alimtazama yule mtoto. Miaka minne, shingo nyembamba, ana njaa, na anasema ameshiba. Alikuwa ameahidi katika moyo wake kwamba jambo hilo halitaonekana tena nyumbani mwake, na sasa yeye mwenyewe ndiye aliyelifundisha. Alijaribu kusimama, miguu ikakataa. Mkwe alimdaka chini ya kwapa, na alipomwinua akashangaa: alikuwa mwepesi kama kikapu.

Alimwingiza chumbani, akamlaza, akaketi kando yake. Hasira ya siku zile mbili ikamtoka yote mara moja.

"Mama, unaumwa?"

"Siumwi. Fungua mfuko wa nne."

Mkwe aliufungua. Hakuhitaji kuzamisha mkono. Harufu ya unga uliooza na mchakacho wa wadudu vilimtosha.

"Nilikuwa nauchungulia," Bibi Kopo alisema kutoka kitandani. "Kila Jumamosi. Yule binti alikataza na mimi nikauchungulia. Zimepungua siku thelathini. Nikasema mimi nitazilipa."

"Kwa kufa na njaa?"

"Kwa kula kidogo."

"Kwa nini huu tu? Ile mingine hukuigusa."

Basi Bibi Kopo akamweleza. Alieleza bila kupamba, akiangalia bati za paa: mwaka ule, mbelewele, siku ishirini na sita, jinsi mtoto alivyokuwa akiomba maji tu mwishoni kwa sababu alishajua hakuna kingine. Mkwe alikuwa ameishi naye miaka kumi na miwili, na hakuwahi kujua kwamba mumewe alikuwa na dada. Machozi yalimtoka, naye hakujisumbua kuyafuta.

"Mama," alisema hatimaye, "kwa nini usiseme tukauanza huu?"

"Upi?"

"Huu wa nne. Siku ulipoona umepata joto. Tungefunga ule wa pili, tukaanza kuula huu kabla hawajaumaliza. Ule wa tatu haujaguswa, ungekaa ndio wa mwisho."

Bibi Kopo aliinuka kwa kiwiko, akautazama ule mfuko. Yeye aliyehesabu siku za mwaka mzima bila kalamu, wazo hilo halikumpitia kabisa. Mfuko wa nne ulikuwa wa miezi ile, na wa miezi ile hauliwi kabla ya miezi ile. Ndivyo ulivyokaa kichwani mwake, na angekufa akiulinda huku ukiliwa.

"Mimi ni mpumbavu," alisema.

"Wewe ni mama tu," mkwe alisema, akainuka kwenda kuleta ungo.

Mchana ule walianika mfuko mzima uani. Mkwe alipepeta, dada mkubwa akachambua, Kasuku akaua fukusi kwa kidole akiwatukana kwa maneno ambayo hakuna aliyekubali kuwa ndiye aliyemfundisha. Bibi Kopo aliwekwa kivulini na bakuli la uji mzito, na mkwe alisimama mbele yake kama mkaguzi hadi lilipokwisha. Akaongezewa. Alipotaka kukataa, alimwona Kasuku akimtazama, akanywa lote.

Yaliyopotea, baada ya kupepeta, hayakufika hata siku kumi na tano. Mkwe hakuridhika na hesabu hiyo. Kesho yake aliomba mbegu za viazi vitamu kwa jirani, akapanda kando ya kijito mahali palipokuwa na majani tu, na kila jioni alivimwagilia kwa ndoo. Walikula mfuko wa nne. Wakarudi kwenye wa pili, wakaumaliza. Viazi vikaja, vidogo na vyenye nyuzi, lakini vikaja. Na katika miezi ya mbelewele, wakati nyumba nyingine zilipika mara moja kwa siku, walifungua mfuko wa tatu, mzima kabisa. Bibi Kopo akala sahani yake yote kila siku, mbele ya mjukuu wake, tonge baada ya tonge, kama mtu aliye kazini.

Mwana alirudi, wakavuna. Siku ya kufagia chumba ili mavuno mapya yaingie, mkwe aliita kutoka ndani.

"Mama, hebu njoo."

Ndani ya mfuko wa tatu, chini kabisa, bado kulikuwa na mahindi. Walipoyapima yalikuwa makopo kumi na moja. Uani, mahindi mapya yalikuwa yamelundikwa hadi dirishani, bado yana unyevu.

Bibi Kopo aliyachota ya zamani kwa viganja, akatoka nayo mlangoni, akasimama akitazama huku na huku. Miaka sitini na minane, na hakuwahi kuona ya mwaka jana na ya mwaka huu katika nyumba moja. Machozi yalimshuka hadi kidevuni. Mwanawe alishtuka, akamuuliza mkewe kwa macho. Mkewe akamtikisia kichwa, amwache.

"Sasa haya," Bibi Kopo aliuliza, akimgeukia mkwe wake, na alikuwa anauliza kweli, "watu huwa wanayafanyia nini?"

"Wanakula tu, mama," alisema mkwe.